Kasa Akinaswa, Usikimbilie Kumrudisha Baharini

Kasa anaishi baharini lakini anavuta hewa kama wewe na mimi. Ana mapafu; hana mashavu ya samaki. Ukilishika hilo, karibu kila ninachokueleza hapa chini kitakuwa na maana. Kasa aliyenaswa kwenye jarife (wavu mkubwa wa kutegea) usiku kucha hakuumizwa na nyuzi tu, alikuwa anakosa hewa. Na kasa dhaifu anayeelea nje ya mwamba hasaidiwi kwa kusukumwa kilindini, maana kinachomshinda ni hichohicho: kuzama na kuibuka kwa hiari yake.

Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, haikosi watu wenye huruma na mnyama huyu. Huruma hiyo ndiyo inayowafanya wakimbilie kumburuta hadi majini na kumwambia, "Haya, nenda kwenu." Nimefanya hivyo mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea upande wa Watamu. Alikuwa kasa mdogo, gamba lake halifiki urefu wa mkono wangu. Nilimsukuma mara tatu, mara tatu mawimbi yakamrudisha. Mara ya nne hakurudi, nikafurahi. Kesho yake asubuhi tulimkuta amekufa, hatua mia mbili upande wa kusini. Tangu siku hiyo sijamrudisha kasa mgonjwa baharini bila daktari kuniruhusu.

Sehemu ya kwanza ya mwongozo huu (namba 1 hadi 5) ni ya yeyote atakayemkuta kasa: mvuvi, mchuuzi wa ufukweni, mwanafunzi, mlinzi wa hoteli. Sehemu ya pili (namba 6 hadi 8) inaeleza anavyotibiwa na kurudishwa. Hiyo ni kazi ya kituo chenye daktari. Naieleza ili ujue kwa nini matibabu huchukua miezi, na ili uweze kusaidia ukiitwa.

1. Mwangalie kabla hujamgusa

Si kila kasa aliye mchangani ni mgonjwa. Jike akipanda ufukweni usiku na kuchimba kwa mapezi ya nyuma, amekuja kutaga. Zima tochi, kaa mbali nyuma yake, waambie wenzako wanyamaze. Atataga mayai mia moja hivi, atafukia, atarudi mwenyewe. Ukimsumbua kabla hajaanza kutaga anaweza kugeuka na kuondoka na mayai yake.

Mgonjwa ana dalili zake. Amelala ufukweni mchana wala hajaribu kuondoka. Macho yamedidimia. Ukimtazama kutoka ubavuni, gamba la tumbo limebonyea kwa ndani badala ya kujaa. Mgongo umeota mwani na vile viumbe vyeupe vigumu ambavyo mvuvi huvikwangua mkukuni mwa mashua; vikifika hadi shingoni na kwenye mapezi, ujue ni muda mrefu ameelea bila nguvu ya kuogelea. Au yuko majini lakini upande mmoja umeinuka juu, anapiga mapezi na hazami. Au ana uvimbe ulio kama koliflawa karibu na macho, shingoni na kwenye makwapa. Huo ni ugonjwa unaohusishwa na virusi na huwapata zaidi kasa wa kawaida wanaokula nyasi za bahari. Ukiuona, usimweke pamoja na kasa mwingine, na osha mikono na vyombo vyote kwa sabuni.

Usivibandue vile viumbe vyeupe kwa kisu. Gamba la kasa ni mfupa ulio hai, una damu na unahisi maumivu. Ukikwangua kwa nguvu unaacha kidonda.

2. Toa taarifa kabla ya kumbeba

Kenya na Tanzania zote zinamlinda kasa kisheria. Ukionekana naye ndani ya tuktuk bila mtu yeyote kujua, utakuwa na kazi ya kujieleza. Kwa upande wa Kenya waarifu KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au viongozi wa BMU yako, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Kuanzia Watamu hadi Malindi kuna kituo cha Local Ocean Conservation kinachopokea kasa waliojeruhiwa. Tanzania Bara mpigie afisa uvuvi wa wilaya, au watu wa hifadhi ya bahari kama uko Mafia au Mnazi Bay. Shirika la Sea Sense nalo limekuwa likifanya kazi na wanavijiji wa pwani tangu 2001. Hifadhi namba zao kwenye simu leo, kabla hujazihitaji. Saa kumi alfajiri ukiwa kwenye hori la Mida na kasa yuko miguuni, si wakati wa kuanza kuulizia.

Ukipiga, taja mahali, saa, hali ya maji (yanajaa au yanakupwa), urefu wa gamba kwa kukadiria, na ulichokiona. Tuma picha ya kichwa, ya mgongo na ya kidonda.

3. Aliyenaswa wavuni na anaonekana amekufa

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi ambao wangepona.

Kasa aliyelala kimya chini ya mwamba anaweza kukaa saa kadhaa bila kuibuka. Lakini anayepigana na wavu humaliza hewa yake upesi, hupoteza fahamu, shingo hulegea, macho hufumba. Moyo wake bado unapiga, polepole sana. Wewe unaona maiti.

Niliwahi kuwa ndani ya dau alfajiri moja pale mlangoni mwa hori la Mida. Jarife lilipandishwa na kasa mmoja ndani yake, shingo inaning'inia kama kamba. Kijana aliyekuwa akivuta akasema, "Nahodha, huyu keshaenda. Tumtupe?" Mzee hakumwangalia hata. "Samaki akifa unamjua, mwanangu. Kasa mpe siku."

Akamlaza kifudifudi juu ya mbao. Chini ya sehemu ya nyuma akaweka gunia lililokunjwa na boya, mkia ukawa juu na kichwa chini. Maji yakaanza kutoka puani, tone, kisha mchirizi mwembamba wenye povu. Akaloweka kanga kuukuu akamfunika mgongo, akaacha kichwa wazi. Kila baada ya muda alimwinua kidogo upande wa kushoto, akamshusha, kisha upande wa kulia. Tulifika pwani, samaki wakauzwa, adhuhuri ikaadhiniwa. Tulikuwa tunakunja nyavu tuliposikia ile pumzi: fuu! fupi na nzito, kama mvukuto wa mhunzi. Mzee akasema alhamdulillah na kuendelea kukunja.

Alichofanya mzee yule ndicho madaktari wa kasa wanachofundisha. Kwa mpangilio ni hivi:

Mguse pembeni ya jicho taratibu kwa ncha ya kidole, au mfinye mkia. Kope au mkia ukicheza hata kidogo, yuko hai. Usipocheza, bado usikate tamaa.

Mlaze tumbo chini. Kamwe usimlaze chali. Najua ni desturi ya zamani kumpindua ili asiondoke, lakini mapafu ya kasa yako juu, chini tu ya gamba la mgongo. Ukimpindua, matumbo yote yanayalalia mapafu, na huyu tayari hana pumzi.

Inua sehemu ya nyuma sentimita 15 au zaidi, ili maji yatoke mapafuni. Kasa mkubwa huhitaji kuinuliwa zaidi.

Muweke kivulini, mfunike kwa kitambaa kibichi, lakini acha pua na macho wazi. Usimtie ndani ya beseni la maji hata kidogo. Hana nguvu ya kuinua kichwa na atazama ndani ya beseni. Usimmiminie maji mdomoni. Usimkanyage mgongo "kumtoa maji".

Mpe saa 4 angalau, na hadi saa 24. Akikakamaa kama gogo au akianza kunuka, hapo ndipo useme amekufa. Akizinduka, bado anahitaji kuangaliwa na daktari, maana maji yaliyobaki mapafuni yanaweza kuleta homa ya mapafu baada ya siku kadhaa.

Kama amekufa kweli, usimle na usimgawe. Mwezi Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala haina dawa yake. Inapita hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Nyama yenye sumu huwezi kuitofautisha na isiyo na sumu kwa macho, harufu wala ladha. Toa taarifa, apimwe, afukiwe juu ya alama ya maji ya bamvua.

4. Nyuzi na ndoana

Nyuzi zilizokaza kwenye pezi zikate kwa mkasi usio na ncha kali, ukianzia pale ambapo uzi umelegea. Usivute. Hata baada ya kuzikata usiseme kazi imekwisha: nyama iliyobanwa siku nyingi inaweza kuoza baada ya damu kurudi, na kasa aliyeachiwa palepale hufia mbali ambako hakuna atakayemwona.

Ukiona mshipi unatoka mdomoni, au unatoka nyuma chini ya mkia, usiuvute hata kama unaonekana umelegea. Upande wa pili huenda kuna ndoana imeshika utumbo. Ukiuvuta, utumbo unajikunja kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi kisha uzi ukakazwa, na mshipi unaukata kwa ndani. Acha kama futi mbili zikining'inia, zibandike kwa plasta kwenye gamba ili asizimeze, mpeleke. Huo uzi ndio utakaomwongoza daktari. Ndoana iliyo mdomoni nje, inayoonekana yote, nayo muachie daktari ikiwa atafikiwa siku hiyo.

Na vidole vyako viweke mbali na mdomo. Kasa hana meno, ana mdomo mgumu kama wa kasuku. Ng'amba hasa, aina ya kasa aliyezoea kung'oa sifongo miambani, haachii upesi.

5. Kumbeba

Kasa mkubwa wa kawaida anaweza kupita kilo 100, kwa hiyo tafuta watu wanne na machela, turubai au mlango wa zamani. Mdogo mshike kwa mikono miwili: mmoja kwenye ukingo wa gamba nyuma ya shingo, mwingine kwenye ukingo ulio juu ya mkia. Usimwinue kwa mapezi, mabega hutenguka.

Ndani ya gari muweke juu ya tairi kuukuu lililotandikwa gunia bichi. Tairi humzuia asiteleze na tumbo lake hupumzika. Hakuna maji ndani ya gari, ni unyevu tu. Hakuna chakula. Redio izimwe, na huyo mwenye simu anayetaka kupiga picha naye mwambie asubiri.

Vitoto vina utaratibu mwingine. Ukikiokota kitoto cha kasa mchana, kimepotea njia au kimechelewa kutoka shimoni, kiweke kwenye ndoo yenye mchanga bichi bila maji, ndoo ifunikwe na iwe kivulini, kisha jioni jua likizama kiweke mchangani kijitembeze chenyewe hadi majini. Ukikitia kwenye maji ya ndoo kitaogelea mchana kutwa na kumaliza nguvu ambayo kingevukia mwamba.

6. Siku za kwanza kituoni, na plastiki

Watu wengi wakifika kituoni hushangaa kumkuta mgonjwa mpya kwenye maji yanayofika ubavuni tu. Sababu ni ileile: anatakiwa ainue kichwa bila kutumia nguvu. Wakati mwingine daktari humuweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku moja. Vile viumbe vya mgongoni hufa na kulegea bila kukwanguliwa, naye hupata maji mwilini. Hupimwa uzito, gamba hupimwa kwa futi ya kushonea, kuanzia shingoni hadi mwisho wa gamba kufuata mwinuko wa mgongo. Damu huchukuliwa. Hupewa maji ya dripu, na chakula husubiri, kwa sababu utumbo uliolala ukijazwa chakula ghafla huleta madhara.

Anayeelea bila kuweza kuzama huwa na hewa mahali pasipofaa. Akielemea upande mmoja, mara nyingi ni pafu. Nyuma ikiinuka juu, mara nyingi ni gesi ndani ya utumbo ulioziba. Picha ya eksirei husaidia kutofautisha, lakini plastiki laini haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo kinachobaki ni kusubiri kinyesi. Hupewa mafuta ya kulainisha, na kila asubuhi mtu mmoja huinama na chujio mkononi.

Kazi hiyo nimeifanya. Unachuja, unasuuza, unatandaza kwenye sinia jeupe. Nyuzi za kamba ya buluu, ile ya kufungia majahazi. Kipande cha mfuko kilicho laini na angavu kama ngozi ya kiwavi wa baharini. Pete ya kifuniko cha chupa. Kipande cha puto chenye fundo lake bado. Unakausha, unapima, unaandika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini bahari haijui mipaka, na yale yaliyotupwa zamani bado yanaelea. Usikate tamaa ukiona wiki mbili zimepita na hakuna kitu kwenye sinia. Utumbo wa kasa hufanya kazi polepole sana, na nimeona plastiki ikitoka baada ya mwezi mzima.

Akianza kula, chakula kipelekwe chini. Ngisi na samaki wadogo kwa wachanga na kwa wale wanaohitaji kupata mwili. Nyasi za bahari zifungwe kwenye bomba lililolazwa sakafuni kwa ajili ya wakubwa. Ukimlisha kwa mkono juu ya maji unamfundisha kwamba mtu ndiye mleta chakula, na siku atakapoachiwa ataifuata kila mashua. Dawa hufichwa ndani ya ngisi. Uzito hupimwa kila wiki, saa ileile, mizani ileile.

Vidonda vya rafadha (panga la injini ya boti) vinataka subira kuliko kitu kingine chochote. Gamba lililopasuka husafishwa, hupakwa dawa, mara nyingine asali safi chini ya usimamizi wa daktari, na mfupa hujiunga kwa miezi, pengine mwaka. Usipake oili chafu wala majivu. Aliyekatika pezi moja usimhurumie kupita kiasi: kasa mwenye mapezi matatu huishi, huogelea na hutaga. Aliyepoteza ya mbele yote mawili, huyo daktari atawaeleza ukweli, na ukweli huo ni mgumu.

Nasema hili bila kuzungukazunguka: kasa anayewekwa kwenye dimbwi la hoteli ili wageni waogelee naye, mwaka baada ya mwaka, ilhali anakula na anazama vizuri, huyo hajaokolewa. Amefungwa. Kila siku ya ziada baada ya kupona inamlegeza misuli.

7. Yuko tayari?

Maswali ninayotaka yajibiwe "ndiyo" yote kabla hatujamtoa: Anazama mwenyewe na kulala chini ya tangi bila kuelea? Anapigania kuondoka anaposhikwa? Anakula kila siku na uzito umepanda wiki kadhaa mfululizo? Vidonda vimefunga? Kinyesi ni safi? Damu iko sawa? Kwa mwenye ule uvimbe: umekatwa wote, na umekaa miezi bila kurudi? Jibu moja la "karibu" ni "bado".

Akipita, hupimwa tena na kuvalishwa kitambulisho cha chuma kwenye pezi, kila kimoja na namba yake. Siku akinaswa tena Kipini, au akipanda kutaga Mafia, mtu atasoma namba hiyo na tutajua aliishi.

8. Kumwachia

Chagua asubuhi mapema, maji yakiwa yamejaa, ili asisugue tumbo kwenye mwamba. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, subiri siku mbili tatu zaidi. Hana haraka kama uliyonayo wewe. Mrudishe eneo alikotolewa au kwenye malisho ya kasa wenzake yaliyo karibu. Kabla ya yote zungumza na wavuvi: majarife ya jana usiku yaliwekwa wapi, yatatolewa saa ngapi? Nahodha atakuambia kwa dakika mbili kitu ambacho ramani yoyote haitakuambia, na akijua kasa huyo alitoka wavuni mwake mwenyewe atataka kuwepo.

Muwekeni mchangani bichi, hatua kumi kutoka majini, kichwa kikielekea baharini. Watu wapange mistari miwili pembeni, njia iwe wazi. Hakuna kumshika kwa picha, hakuna kupiga makofi mpaka aondoke. Akisimama, mwache asimame. Atainua kichwa, atavuta hewa, atakaa, kisha atajisukuma. Asiyetaka kabisa kwenda baada ya muda mrefu anarudishwa kituoni siku hiyohiyo, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Awepo mtu ndani ya ngalawa nje kidogo ya mawimbi, akae nusu saa. Mwambie aangalie mambo mawili tu: kasa akiibuka gamba likae sawa, lisielemee upande, na akishavuta hewa azame kabisa, asibaki juu. Akielea, mfuateni na kumpandisha tena. Akiibuka, fuu!, akazama, na mara nyingine akaibukia mbali zaidi upande wa kilindi, andika saa na namba ya kitambulisho kwenye daftari, na ngalawa igeuze.